Ushagala Saudia, kazi ya kampuni Qatar au viza ya matembezi Dubai: ulinganisho kwa anayejiandaa kuondoka

Anayetafuta kazi Ghuba akiwa Mombasa, Nairobi, Tanga au Kampala huwekewa mezani njia tatu. Kuna kazi ya nyumbani Saudia, ambayo Wakenya wanaiita ushagala. Kuna kazi ya kampuni Qatar: ulinzi, usafi, ujenzi, hoteli. Na kuna ile ya kukata tiketi, kuingia Dubai kwa viza ya matembezi na kujitafutia mwenyewe. Ajenti akizinadi, hutanguliza mshahara. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu, kwa sababu mishahara ya njia hizi haiachani sana. Kinachoziachanisha ni nani atakayeshika kitanda chako, kibali chako na mlango wako wa kutokea.

Jiulize hivi: siku ukikosana na bosi, utalala wapi usiku huo, na kibali chako cha ukaazi kitakuwa kimeandikwa jina la nani? Shagala anaishi kwa mtu mmoja, analipwa na mtu huyo huyo, na iqama yake, yaani kibali cha ukaazi, iko chini ya mtu huyo huyo. Mfanyakazi wa kampuni Qatar anamtegemea mwajiri kwa kitanda na kitambulisho, lakini sheria imemwachia njia ya kuhama. Aliyeingia Dubai kwa viza ya matembezi hajashikwa na mtu yeyote, ila pia hana sheria ya kazi inayomlinda mpaka apate kibali.

| | Ushagala Saudia | Kampuni Qatar | Viza ya matembezi Dubai |
|---|---|---|---|
| Mshahara | Wengi hupata kiasi cha riyali 900 | Kima cha chini ni riyali 1,000. Huongezwa 300 za chakula na 500 za malazi kama mwajiri hatoi | Hakuna kima cha chini kwa wote |
| Kitanda | Nyumbani kwa mwajiri | Kempu ya kampuni | Unakodi mwenyewe |
| Saa za kazi kisheria | Zisizidi 10 kwa siku | 8, na ovataimu isiyozidi 2 | 8, na ovataimu isiyozidi 2, ukishapata kibali |
| Kuhama mwajiri | Kwa sababu maalumu | Kwa notisi | Kwa notisi, ukishapata kibali |
| Gharama ya mwanzo | Juu ya mwajiri na ofisi zake | Juu ya kampuni | Yote juu yako |

Jedwali ni la kuanzia tu.

Pesa: hesabu kwa saa, usihesabu kwa mwezi

Riyali 900 za Saudia ni dola 240, maana riyali imefungwa kwenye 3.75 kwa dola. Riyali 1,000 za Qatar, kwa kiwango cha 3.64, ni kama dola 275. Tofauti ya dola 35 si kitu cha kumfanya mtu achague nchi. Tena shagala hanunui chakula, hapandi basi, halipi chumba, kwa hiyo akijibana anaweza kutuma nyumbani riyali 800 kati ya 900. Mlinzi wa Doha anayepewa kempu na chakula hununua sabuni, bando na nauli za siku ya mapumziko, naye anabakiwa na kiasi hicho hicho. Hili lisemwe wazi, kwa sababu ndilo linalowafanya wasichana waendelee kwenda Saudia hata baada ya kusikia yote wanayoyasikia.

Sasa gawa kwa saa. Kanuni za wafanyakazi wa nyumbani Saudia, zilizoanza kutumika Oktoba 2024, zinataka kazi isizidi saa 10 kwa siku na pawe na siku moja nzima ya mapumziko kila wiki. Saa 10 kwa siku 26 ni saa 260, kwa hiyo kila saa ni riyali 3.46. Nyumba isiyojali kanuni hiyo, ukafanya kazi saa 16 kwa siku zote 30, hizo ni saa 480: riyali 1.88 kwa saa. Mshahara ni ule ule 900, na hakuna mahali utaona ovataimu. Ramadhani ndiyo mtihani wenyewe. Sheria ya Qatar inapunguza saa za kampuni hadi 6 kwa siku mwezi huo, na Dubai hupunguza saa 2. Kwa shagala mambo hugeuka: futari, wageni wa usiku, daku, kisha watoto asubuhi.

Upande wa kampuni, mtego uko kwenye mshahara wa msingi. Ofa ya Dubai inasema dirhamu 1,800. Isome ndani: msingi 800, malazi 500, posho nyingine 500. Ovataimu na kiinua mgongo hukokotolewa kutoka kwenye ule msingi. Gawa 800 kwa siku 30, kisha kwa saa 8, uongeze robo: unapata dirhamu 4.17 kwa saa. Mwenzako mwenye msingi wa 1,500 ndani ya jumla hiyo hiyo ya 1,800 anapata 7.81. Kwa saa 52 za ovataimu kwa mwezi, wewe ni 217 na yeye ni 406. Kiinua mgongo ni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo: wewe 560, yeye 1,050. Ofa mbili zenye jumla moja zinaweza kuachana kwa mshahara wa mwezi mzima na zaidi katika mwaka mmoja.

Qatar imeziba sehemu ya tundu hilo, kwa sababu kima cha chini cha riyali 1,000 kilichoanza tarehe 20 Machi 2021 ni cha mshahara wa msingi, na kinamhusu kila mfanyakazi, wa nyumbani akiwemo. Ila walinzi waangalie jambo moja. Mikataba mingi ya ulinzi ni ya zamu ya saa 12, ilhali sheria inataka jumla isizidi 10. Kampuni huandika “1,500 kwa yote”. Fanya hesabu: 1,000 za msingi kwa saa 8, kisha saa 4 za ziada kwa siku 26 ni saa 104, kwa riyali 5.21 kila moja, karibu 542. Jumla 1,542. Yaani hiyo 1,500 haifiki hata kiwango cha chini kabisa, na bado hujahesabu siku ya mapumziko uliyofanya kazi.

Viza ya matembezi ihesabiwe kama mtaji, si kama mshahara. Kitanda Dubai ni dirhamu 600 hadi 1,000 kwa mwezi kutegemea mtaa. Ukijipikia, chakula ni kama 400. Safari ya metro ni dirhamu 3, 5 au 7.5 kutegemea kanda, kwa hiyo kuzunguka na wasifu wako siku 20 kwa mwezi ni kama 200. Miezi miwili ya kutafuta ni dirhamu 2,400 hadi 3,200, karibu dola 650 hadi 870, mbali na tiketi na viza yenyewe. Viza ikiisha ukabaki, faini ni dirhamu 50 kwa siku, yaani 1,500 kwa mwezi, zaidi ya kodi ya kitanda. Kama fedha hizi ni za mkopo wa chama au shamba lililowekwa rehani, usiende. Mwenye deni hukubali ofa ya kwanza inayokuja, na ofa ya kwanza mara nyingi ndiyo ile yenye msingi wa 800.

Malazi

Chumba cha mita 4 kwa 6 ni mita za mraba 24. Kanuni ya Qatar ya makazi ya wafanyakazi inataka mita 6 kwa kila mtu, wasizidi wanne chumbani, na vitanda vya ghorofa haviruhusiwi. Kwa hiyo chumba hicho Doha ni cha watu wanne. Kanuni ya Falme za Kiarabu inataka mita 3 kwa mtu, na chumba kinaweza kuchukua 8 hadi 10. Chumba kile kile Dubai ni cha watu wanane, na kiko sawa kisheria. Mtu akikuambia “kempu ni kempu tu”, hajawahi kusubiri choo alfajiri nyuma ya watu wanane.

Qatar, kempu kubwa ziko Industrial Area na Asian Town, nje kidogo ya katikati ya Doha. Zilizojengwa kwa ajili hiyo huwa na jiko la pamoja, mahali pa kufulia na walinzi getini. Shida hutokea kwa makampuni madogo yanayopata kazi kutoka kwa makampuni mengine. Hayo hukodi nyumba ya kawaida, huigawa, na hupanga vitanda vya ghorofa mkaguzi asipoonekana. Kabla ya kusaini, omba video ya chumba chenyewe, isiwe picha ya lango. Hesabu vitanda, angalia kiyoyozi kama kinafanya kazi, uliza jiko liko wapi na kama kuna friji. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: basi linaondoka saa ngapi? Zamu ya saa 12 ikiongezewa saa moja na nusu ya basi kwenda na nyingine kama hiyo kurudi ni saa 15, na muda wa basini haulipwi. Kitanda kizuri kilicho mbali na kazi si kitanda kizuri.

Dubai kwa anayejitafutia ni habari ya kitanda cha kukodi: Deira, Satwa, Al Rigga, au ng'ambo Sharjah kwa bei nafuu ila kwa foleni ya magari ya asubuhi inayoweza kukukosesha usaili. Wanaokodisha vitanda hivi mara nyingi si wenye nyumba. Ni wapangaji waliogawa fleti kwa mbao na mapazia. Sheria ya Dubai haimruhusu mpangaji kupangisha bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, na mwaka 2025 manispaa ilianza msako kwenye mitaa iliyojaa vyumba vya namna hii. Msako ukifika, anayetolewa na mabegi ni wewe, na dipoziti yako huwa imekwenda na aliyekupokea. Kwa hiyo lipa wiki kwa wiki au mwezi kwa mwezi, usitoe dipoziti kubwa, dai risiti hata ya WhatsApp yenye jina, na kalale usiku mmoja kabla ya kulipa mwezi. Inua godoro uangalie mishono yake kwa tochi ya simu. Kunguni hawafichiki.

Ukishapata kazi mambo hubadilika kidogo. Kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi inawajibika kuwapa malazi wale wanaolipwa chini ya dirhamu 1,500. Ndiyo maana utaona ofa nyingi za 1,500 kamili: anayeandika hivyo anajua anachofanya.

Nyumbani kwa mwajiri Saudia hakuna kipimo cha mita. Mkaguzi haingii chumba cha shagala kama anavyoingia kempu, na huo ndio udhaifu mkubwa wa njia hii; hakuna namna ya kuuzunguka. Unachoweza ni kuuliza mapema kupitia ajenti, na umtake majibu kwa maandishi: nyumba ina ghorofa ngapi, watu wangapi, watoto wa umri gani, kuna mzee au mgonjwa wa kuhudumiwa, kuna msaidizi mwingine, chumba changu kina dirisha na kitasa kinachofungwa kwa ndani, nitalala na watoto? Nyumba ya ghorofa tatu yenye watu tisa na msaidizi mmoja ni kazi ya watu wawili, hata mama mwenye nyumba awe mpole kiasi gani. Ajenti akisema “hayo utayajua huko huko”, umeshajibiwa.

Jambo jingine la nyumbani ni kuazimwa. Alhamisi unapelekwa kwa dada wa madam, Jumapili kwa mama yake, na mshahara haubadiliki. Hili si desturi ya kuvumilia. Kumpeleka msaidizi akawafanyie kazi watu wengine ni moja ya sababu zinazomruhusu kuhamishwa kwa mwajiri mwingine bila ridhaa ya wa kwanza.

Kuhama mwajiri

Hapa ndipo njia tatu zinaachana kabisa, nasi tungelipa kipengele hiki uzito kuliko mshahara.

Qatar ilifuta mwaka 2020 sharti la kupata barua ya kuachiwa na mwajiri. Unatoa notisi kupitia mfumo wa Wizara ya Kazi: mwezi mmoja kama umefanya kazi hadi miaka miwili, miezi miwili ukizidi hapo. Ndani ya muda wa majaribio, usiozidi miezi sita, bado unaweza kuhama, ila mwajiri mpya humlipa wa zamani gharama za kukuleta. Kinachokwama ni utekelezaji. Waajiri wapya wengine bado wanadai barua yenye muhuri wa bosi wa zamani, na bosi wa zamani aliyekasirika anaweza kukuripoti kuwa umetoroka. Kinga yake ni mpangilio: pata kwanza ofa ya maandishi, wasilisha notisi mtandaoni, piga picha ya uthibitisho, kisha endelea kwenda kazini kila siku mpaka notisi iishe. Ukikosa siku tatu kwa hasira, umempa silaha.

Saudia ilianzisha mageuzi yake tarehe 14 Machi 2021, na mfanyakazi wa kampuni sasa anaweza kuhama kupitia Qiwa, mfumo wa mtandaoni wa wizara ya kazi, baada ya mwaka mmoja. Lakini wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa familia, watunza bustani na wachungaji waliachwa nje. Ndiyo maana neno “Saudia” peke yake halitoshi kwenye ulinganisho: msafishaji wa hospitali Riyadh na shagala wa Riyadh wako chini ya sheria mbili tofauti. Shagala anaweza kuhamishwa bila ridhaa ya mwajiri kwa sababu zilizotajwa: kutolipwa miezi mitatu, hata isiyofuatana, kutopokelewa ndani ya siku 15 baada ya kufika, kutotengenezewa iqama au kuachwa imeisha zaidi ya siku 30, kuazimwa kwa watu wengine, kudhulumiwa mwilini. Kila sababu inahitaji ushahidi, na ushahidi unahitaji simu, na simu ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa katika nyumba mbaya. Nyumba ikishindikana wengi huruka na kuwa wale wanaoitwa kemboi, wakifanya kazi za kutwa mjini. Malipo ya kutwa huonekana makubwa. Ila kemboi hana iqama, hana bima ya hospitali, na siku akitaka kurudi nyumbani hawezi kupanda ndege mpaka ripoti ya utoro imalizwe.

Dubai, ukiwa kwenye viza ya matembezi, hakuna wa kuhama kutoka kwake. Tahadhari ni moja tu, na ni kubwa: usikubali “anza kazi Jumatatu, kibali kinafuata”. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa, na mshahara wa miezi hiyo usipolipwa huna mkataba uliosajiliwa wa kuupeleka popote. Tangu 2024 faini ya mwajiri anayefanya hivyo huanzia dirhamu 100,000. Kwa hiyo kampuni inayojiheshimu haitakuomba uanze bila kibali. Anayekuomba hivyo amejitambulisha. Ukishasajiliwa, notisi ndani ya muda wa majaribio ni mwezi mmoja ukihamia kampuni nyingine humo nchini, siku 14 ukirudi kwenu.

Kwa anayesisitiza kazi ya nyumbani

Kuna wanaoijua kazi hiyo, wanaipenda, na hawataki kempu. Sawa. Basi linganisha Saudia na Qatar kwa kazi hiyo hiyo. Qatar kima cha chini cha riyali 1,000 kinamhusu msaidizi wa nyumbani, sheria ya 2017 inampa siku ya mapumziko kila wiki, likizo ya wiki tatu kwa mwaka na kiinua mgongo kisichopungua wiki tatu kwa kila mwaka, anaweza kuhama kwa notisi, na tangu Januari 2020 anaweza kuondoka nchini akimwarifu mwajiri saa 72 kabla. Falme za Kiarabu zina sheria yao ya Desemba 2022: saa 12 za mapumziko kwa siku, 8 kati yake zikifuatana, na likizo ya siku 30. Kwa karatasi, Saudia ni ya tatu hapo. Inachowashinda wengine ni wingi wa nafasi na wepesi wa safari, na ndiyo maana ajenti huanza nayo.

Oman tuipitie haraka. Kwa Mzanzibari au mtu wa Tanga ina mvuto wake, maana si jambo geni kukuta nyumba ya Muscat ambamo bibi anazungumza Kiswahili safi. Lugha hupunguza nusu ya ugomvi wa jikoni. Lakini hakuna kima cha chini cha mshahara kwa wageni, na msaidizi wa nyumbani anasimamiwa na kanuni zake, mbali na sheria kuu ya kazi ya 2023. Bibi mwenye Kiswahili si mkataba.

Ajenti na karatasi

Kenya, wakala anapaswa kuwa na usajili hai wa NEA, mamlaka ya ajira ya taifa, na orodha iko mtandaoni. Angalia jina kamili na tarehe ya mwisho ya leseni, maana leseni iliyokwisha huendelea kuning'inia ukutani. Mkataba wa kazi ya nje hushuhudiwa na afisa wa kazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007. Tanzania Bara, ulizia TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Zanzibar, Kamisheni ya Kazi. Uganda, mfumo wa mtandaoni wa wizara kwa kazi za nje ni EEMIS. Ajenti anayekukataza kupita ofisi hizo “kwa sababu zinachelewesha” anakunyima sahihi pekee ya serikali utakayokuwa nayo kwenye faili.

Kisha viza. Soma kazi iliyoandikwa kwenye viza kwa Kiarabu. Kama umeahidiwa usafi wa hoteli na viza inasema “aamila manziliya”, unakwenda nyumbani kwa mtu, na sheria ya kuhama uliyoisoma hapo juu si yako tena. Mwalimu wa madrasa mtaani atakusomea kwa dakika mbili. Linganisha pia na mkataba: Saudia mkataba wa nyumbani hupitia Musaned, mfumo rasmi wa mtandaoni wa kuajiri wasaidizi wa nyumbani, na una namba na jina la mwajiri. Ukifika ukapewa karatasi nyingine yenye mshahara mdogo, kuna uwezekano mkubwa ule wa Musaned ndio uliosajiliwa. Tuma picha zake nyumbani kabla ya kupanda ndege, pamoja na jina la ofisi ya huko, yaani maktab, na namba za simu za mwajiri. Ukifika, tuma alama ya ramani ya nyumba. Mzazi anayejua mtaa na jina la kafili, yaani mwajiri mdhamini, anaweza kusaidiwa na ubalozi. Anayejua “yuko Riyadh” tu hana pa kuanzia.

Lifahamu pia la siku 90. Ofisi ya Saudia hulipwa na mwajiri, na ndani ya miezi mitatu ya majaribio msaidizi akikataa kazi, ofisi hudaiwa mbadala au fedha. Ndiyo sababu ajenti aliyekuwa akikuita dada kila siku hugeuka na kusema “vumilia kwanza” hadi siku ya 91. Malalamiko yako yapeleke mapema, ndani ya miezi hiyo mitatu, wakati ofisi bado ina cha kupoteza.

Pasipoti: kuishika ya mfanyakazi ni kosa katika nchi zote tatu, na Qatar faini yake hufika riyali 25,000.

Basi uchague ipi?

Mwenye cheti cha ufundi, Kiingereza cha kazi na akiba yake mwenyewe isiyo ya mkopo, Dubai inaweza kumlipa kuliko zote, kwa sharti kwamba tiketi ya kurudi imo mfukoni na tarehe ya kukata tamaa imewekwa kabla viza haijaisha. Asiye na akiba wala cheti, ila ana nguvu na subira ya kempu, aende kampuni ya Qatar. Hapo kuna sakafu ya mshahara, kuna malipo yanayopita benki, kuna mlango wa kuhama. Mama mwenye watoto aliowaachia bibi yao, anayetaka kila shilingi irudi nyumbani, atavutwa na ushagala. Kama ni lazima, atafute Qatar kwanza hata ikimchukua miezi zaidi ya kusubiri. Saudia ikibaki peke yake, achague nyumba yenye msaidizi mwingine tayari, na adai mshahara upitie benki. Kanuni ya Saudia ya kuwalipa wasaidizi kwa njia ya kielektroniki ilianza kwa awamu Julai 2024 na kufikia waajiri wote Januari 2026, kwa hiyo si hisani unayoiomba.

Njia moja hatuishauri kwa mtu yeyote: viza ya nyumbani yenye ahadi ya kazi ya hoteli.

Mambo yakiharibika

Mshahara ukichelewa, andika tarehe na utume ujumbe wa kuuliza. Usiulize kwa mdomo tu. Saudia, simu ya wizara ni 19911. Falme za Kiarabu, ni 80084, na tangu Januari 2024 wizara inaweza kuamua yenyewe madai yasiyozidi dirhamu 50,000 bila kukupeleka mahakamani kwanza. Qatar kuna kamati za kusuluhisha migogoro ya kazi, na kuna mfuko unaolipa pale kampuni inapofilisika. Dai la Qatar hufa mwaka mmoja baada ya mkataba kuisha, kwa hiyo usisubiri ufike kwenu ndipo uanze.

Na kwenye siku za mwisho, utapewa karatasi ya Kiarabu usaini kwamba umepokea haki zako zote. Wengine huletewa uwanja wa ndege, tiketi ikiwa mkononi mwa dereva. Iombe siku tatu kabla, ipige picha, itafsiriwe, na usaini baada ya fedha kuonekana kwenye akaunti. Wakikukatalia, andika kwa Kiingereza au Kiswahili pembeni ya sahihi yako kiasi ambacho hujalipwa, kisha piga picha nyingine ikiwa na maandishi hayo.